Motokaa Baada ya Kiyama: Uhakiki wa Vigari vya Mezani na Vigari vya Waya katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna mbili za kugeuza vitu kuwa vigari vya kuchezea. Ya kwanza ni ya mchezo wa vita wa mezani uitwao Gaslands, ambamo kigari kipya cha dukani huchakazwa na kufungwa silaha ili kifanane na gari la dunia iliyoangamia. Ya pili ni ya watoto wa Nchelenge, nchini Zambia, wanaounda vigari kwa waya, makopo na soli za malapa. Hoja yetu ni kwamba utanzu wa kwanza umetuzoesha kuona silaha kabla ya kuona chombo, na kwamba mazoea hayo yana madhara pale tunapovisoma vitu vya watoto waliokimbia vita.

Swali lililokosewa

Kashikishi ni mji wa soko katika Wilaya ya Nchelenge, Jimbo la Luapula. Samaki wa Ziwa Mweru, hasa wale wadogo waitwao chisense, hukaushwa na kupakiwa hapo kwenda miji ya Ukanda wa Shaba na Lubumbashi. Nilifika huko katika miezi ya kufungwa uvuvi, ambayo kila mwaka huanza Desemba Mosi na kumalizika mwishoni mwa Februari. Nilikwenda kusikiliza Kiswahili cha watu waliovuka kutoka upande wa Kongo. Mkobani nilikuwa pia na kitabu cha kanuni za Gaslands pamoja na kigari kimoja cha Hot Wheels. Mwenzangu anayefundisha tafsiri alikuwa ameniomba nikisome kitabu hicho ili tujadiliane juu ya istilahi zake.

Mtoto wa miaka kumi hivi alipita akisukuma kigari cha waya. Kilikuwa pikapu yenye urefu wa mkono wake, magurudumu yake yamekatwa kwenye soli za malapa, maungio yamefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Usukani ulikuwa duara la waya juu ya fimbo ndefu iliyofika kifuani pake, na alipouzungusha, magurudumu ya mbele yaligeuka kweli. Nyuma ya kichwa cha pikapu palichomoza spoku mbili, zimepinda kidogo kwa juu. Nilimwuliza, “Hizi ni bunduki?”

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa upande usio wake. “Apana, mama. Njo ya kufungia matela.”

Sikuelewa. Kiswahili changu ni cha Morogoro, na neno matela halimo ndani yake. Mama aliyekuwa akiuza mihogo kando yetu alinisaidia: godoro. Zile spoku zilikuwa vishikio vya kufungia godoro. Kigari kile kilikuwa gari la kuhamia.

Nimelifikiria swali langu muda mrefu kuliko jibu lake. Sikuwa nimeona bunduki yoyote. Nilikuwa nimeona pikapu, nimesikia kwamba mtoto ametoka Kongo, na kwa muda wa usiku tatu nilikuwa nasoma kitabu kilichojaa picha za pikapu zenye rashasha nyuma. Vitu hivyo vitatu vilikutana kichwani mwangu vikazaa bunduki. Hilo ni kosa la kihakiki hasa, kwa maana ya kwamba nilikisoma kitu kwa kanuni za utanzu usio wake.

Kutu ya bandia

Gaslands iliandikwa na Mike Hutchinson na kuchapishwa na Osprey mwaka 2017. Toleo lililopanuliwa, Gaslands: Refuelled, lilifuata mwaka 2019. Wazo lake la msingi ni zuri, na nalikiri mapema. Mchezaji halazimiki kununua sanamu za bei kubwa. Hutumia vigari vya Matchbox, vilivyoanzishwa na kampuni ya Lesney ya London mwaka 1953, au vya Hot Wheels, ambavyo Mattel ilianza kuviuza mwaka 1968, vyenye ukubwa wa takriban sehemu moja ya 64 ya gari halisi. Mezani, kigari husogezwa kwa kufuata vipande vya karatasi ngumu vilivyokatwa kwa umbo la mnyooko au la kona. Gia ni sita, na kadiri gia inavyopanda ndivyo gari linavyopata nafasi nyingi za kusogea na ndivyo linavyokaribia kupoteza mwelekeo. Mimi si mchezaji, ila nimewahi kukaa mezani mara mbili, na nimeona watu wazima wakishika pumzi kwenye kona.

Kabla ya mchezo huja kazi ya mikono, nayo ndiyo inayotuhusu. Ribiti zilizo chini ya kigari hutobolewa kwa keekee ili ganda litengane na sakafu. Vioo hutolewa, na mahali pake huwekwa vipande vya wavu. Rashasha za plastiki hubandikwa juu ya boneti au nyuma ya pikapu; mabamba hubandikwa milangoni; miiba huwekwa mbele. Kigari hupuliziwa rangi nyeusi ya msingi, kisha hupakwa rangi yake, na hapo ndipo ustadi unapoanza kupimwa, kwa sababu sasa rangi hiyo nzuri lazima iharibiwe. Kipande cha sifongo huchovywa katika rangi ya kahawia na kugusishwa kingoni ili ionekane kana kwamba rangi imebanduka. Kutu hupakwa penye maungio kwa burashi nyembamba. Matairi husuguliwa kwa unga wa rangi ya vumbi. Fundi hodari ni yule ambaye kutu yake haitofautiki na kutu.

Sina ugomvi na ufundi huo. Una subira na jicho kali, na tena unamfundisha mtu kutazama jinsi chuma kinavyozeeka: maji hukaa wapi, mkono hugusa wapi, rangi hutoka wapi kwanza. Ugomvi wangu uko katika mwelekeo wa safari yenyewe. Kitu kizima kinapelekwa kwenye uharibifu, na uharibifu huo unavaliwa kama vazi. Kigari hakijawahi kunyeshewa mvua. Kutu yake haina historia.

Hata sarafu ya mchezo inaonyesha jambo hili. Katika Gaslands, magari na silaha hununuliwa kwa makopo, na timu ya kawaida hugharimu makopo 50. Kopo hapa ni fedha ya dunia iliyofilisika, mzaha mzuri wa mwandishi. Kashikishi, kopo ni bodi ya lori. Hukatwa, hunyooshwa kwa jiwe, hukunjwa kingo ili zisikate vidole, na asiye na kopo hana lori.

Haki ya mwandishi nayo isipotee. Kisa kinachobeba kanuni zake ni tashtiti kali. Dunia imeharibiwa na vita dhidi ya walowezi wa Mirihi; walowezi hao, wakiwa matajiri na salama huko waliko, huendesha kipindi cha televisheni ambamo maskini wa Dunia wanauana kwa magari, na mshindi huahidiwa nafasi ya kuhamia Mirihi. Msomaji wa Afrika haihitaji tafsiri ya kisa hicho. Ila tashtiti hukaa katika kurasa za utangulizi, na mikono hukaa kwenye rashasha. Picha za kitabu zinapigwa kwa ukaribu wa bunduki, si kwa ukaribu wa watazamaji wa Mirihi, na mchezaji anayeunda kigari chake mezani hajawahi kuombwa aunde kiti cha mtazamaji.

Jangwa la nani?

Utanzu huu una ukoo. Filamu ya George Miller, Mad Max, ilitoka mwaka 1979, na nyingine zikafuata hadi Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, ambayo kila mgeuzaji wa vigari ameiangalia. Washauri wa sera waliomo ukumbini watapenda kukumbuka kwamba nyika iliyoonyeshwa ulimwenguni kote kama dunia iliyokufa ni jangwa la Namib, na kwamba sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa Namibia mwaka 2012, katika nchi mwanachama wa SADC ambako watu wanaishi, wanalipa kodi na wanafuga.

Pikapu yenye bunduki nyuma nayo haikungoja mwisho wa dunia. Mwaka 1987 majeshi ya Chad yaliwashinda majeshi ya Libya kwa kutumia pikapu nyepesi kiasi kwamba vita hivyo vilipewa jina la Toyota, na miaka ya 1990 Mogadishu ilijaa magari ya aina hiyo. Kwa hiyo sura ambayo utanzu unaitupa mbele, katika wakati ujao, kwetu ni sura ya jana. Hapa ndipo picha inapofanya kazi yake mara mbili: inamwazima mchezaji wa Ulaya wakati ujao kutoka katika historia yetu, halafu inaturudishia historia hiyo ikiwa imekwisha kuwa burudani. Mimi niliyesimama Kashikishi na kuuliza juu ya bunduki nilikuwa nimeupokea mkopo huo pamoja na riba yake.

Kiyama hakina baada

Tatizo la tafsiri lililonipeleka kwenye kitabu linaangaza jambo hilo hilo. Jina la utanzu wenyewe hukataa kuingia katika Kiswahili. Pendekezo la kwanza la wengi ni “baada ya kiyama”. Lakini kiyama, kama asili yake ya Kiarabu inavyoonyesha, ni kusimama: wafu wanasimama, hesabu inafanywa, na baada ya hesabu kuna Pepo na Jahanamu. Hakuna mtu atakayebaki barabarani akitafuta petroli. Kwa msemaji wa Kiswahili, hata asiye Mwislamu, “baada ya kiyama” ni mkanganyo wa kimaana, si jina la utanzu wa kubuni.

Gharika ni neno la karibu zaidi, kwa kuwa baada ya gharika kuna watu, wanyama na chombo kilichowabeba. Maangamizi ni pana mno. Binafsi naegemea neno magofu, na napendekeza “michezo ya dunia ya magofu”, kwa sababu gofu ni kitu ambacho Waswahili wamekaa nacho kwa karne nyingi pale Gedi na Kilwa Kisiwani: jengo lililokwisha kuwa jengo, watu wakiendelea kulima pembeni yake. Gofu si mwisho wa dunia, ni jirani.

Fasihi yetu imeliona hili mapema. Katika Mzingile (1991), Euphrase Kezilahabi anamtembeza msimulizi wake katika dunia iliyoteketezwa, na kinachomshughulisha ni namna ya kuanza upya, si silaha za kulinda kilichobaki. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi anamweka mhukumiwa ndani ya chombo kilichokusudiwa kumwua, na chombo hicho hicho kinamfikisha kwenye jamii nyingine. Chombo cha kifo kinageuka kuwa cha usafiri bila kubandikwa kitu chochote. Kinachobadilika ni matumizi. Kama tungetafuta nasaba ya Kiswahili ya ugeuzaji wa vyombo, ningeanzia hapo, nikayaacha majangwa ya Miller.

Volan yake iko wapi?

Mwambao wa Mweru umeona magofu yake. Samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa kutaga, alikuwa amepungua vibaya kufikia katikati ya karne ya 20, na uvuvi uliomtegemea ukaanguka. David Gordon ameyaeleza maisha ya uvuvi wa bonde hilo katika Nachituti’s Gift (2006). Aidha, Kiswahili si mgeni mwambaoni: mwaka 1867 Tippu Tip alipigana na Nsama wa Itabwa, kaskazini-mashariki mwa ziwa, na njia za pembe za ndovu zilipita na lugha yao. Leo Kibemba ndicho lugha kuu ya eneo, na Kiswahili kinaingia hasa kwa mitumbwi kutoka Pweto na Kilwa ya Kongo.

Neno la gari lenyewe linaeleza safari hiyo. Kiswahili cha zamani cha pwani kina motokaa. Kibemba kina motoka. Ng’ambo ya ziwa, katika Kiswahili cha Kongo, utasikia mutuka. Sisi wa Sanifu tumebaki na gari. Watoto wa Kashikishi hutumia motoka na mutuka katika sentensi moja bila kusumbuka, na sehemu za chombo huzitaja kwa lugha yoyote iliyowapa kitu: soli ni ya malapa, waya ni waya, usukani ni volan.

Neno hilo la mwisho nililipata kwa njia ambayo sikuipanga. Baada ya kushindwa na godoro nilimpa yule mtoto kigari changu cha Hot Wheels akione. Alikipokea kwa furaha isiyofichika, na ningekuwa mwongo kama ningesema hakukitamani. Wanaoandika kwamba mtoto wa kijijini hukidharau kichezeo cha dukani hawajawahi kumpa kimoja. Alikizungusha magurudumu, akakilaza ubavu, akakitazama chini. Kisha akauliza, “Volan yake iko wapi?”

Hakuna. Na swali hilo linatenganisha vigari hivi viwili kwa usahihi kuliko lolote nililokuwa nimeandika daftarini. Kigari cha mezani husogezwa kutoka juu, kwa vidole, na mtu anayeiona meza nzima. Kigari cha waya huendeshwa kutoka nyuma, kwa kukimbia, na mtu asiyeona zaidi ya kilicho mbele yake. Ndiyo maana ekseli ya mbele lazima igeuke. Mgeuzaji wa mezani anaweza kugandisha magurudumu kwa gundi na asikose kitu; kipimo chake ni jicho. Kipimo cha mtoto ni mashimo ya njia ya sokoni. Uzuri wa kigari chake, na kilikuwa kizuri, uko kwenye fundo la mpira linaloruhusu waya kuzunguka bila kuchomoka.

Karen Lynn Williams aliliona hili katika kitabu chake cha watoto, Galimoto (1990), kilichochorwa na Catherine Stock, juu ya mvulana wa Malawi anayekusanya vipande vya waya. Mwishoni mvulana anawaza kwamba waya ule ule kesho utakuwa chombo kingine. Lawama yangu kwa kitabu hicho ni ndogo: kinashughulika mno na kutafuta waya, na kinapita haraka penye kuukunja.

Agosti 2017

Kuna sadfa ya tarehe ambayo siwezi kuiacha. Mwaka ule ule Gaslands ilipotoka, kuanzia mwisho wa mwezi Agosti, maelfu ya watu walivuka kuingia kaskazini mwa Zambia wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa katika kituo cha muda cha Kenani, wilayani Nchelenge, na tangu mwanzo wa mwaka 2018 wengi walihamishiwa makazi ya Mantapala katika wilaya hiyo hiyo. Watoto waliokuwa wakisema Kiswahili nyumbani walikuta shule ya Kibemba na Kiingereza.

Watoto wa namna hii huchunguzwa sana. Michoro yao na vichezeo vyao hutazamwa na watu wema wanaotafuta dalili za vita, na ripoti huandikwa. Sipingi kazi hiyo. Zipo dalili za kweli, na mtoto akichora bunduki anaweza kuwa anasema bunduki. Ninachohoji ni mpangilio wa hatua. Kama ningekuwa mwandishi wa ripoti, na kama mama wa mihogo asingekuwa karibu, spoku zile zingeingia kwenye jedwali kama silaha, na mtoto aliyeunda gari la kuhamia angeandikwa kuwa ameunda gari la vita. Godoro lingepotea. Na godoro ndilo lililokuwa habari: ndicho kitu ambacho familia hukibeba ikiwa bado inatumaini kulala mahali.

Yupo aliyetutangulia katika njia bora. Miaka ya 1973 na 1974, Johannes Fabian alikaa Lubumbashi na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, akarekodi maelezo yake juu ya picha zake za historia ya nchi, kwa Kiswahili cha Shaba. Kitabu kilichotokana na mazungumzo hayo, Remembering the Present (1996), kinaweka maneno ya mchoraji kando ya kila picha, na mara nyingi maneno hayo yanasema kitu ambacho jicho pekee lisingekifikia. Jambo hilo linawezekana pia kwa kigari cha waya. Halihitaji zaidi ya kinasa sauti na mtu anayejua matela ni nini.

Hapa naomba washauri wa sera wavumilie neno moja lao. SADC ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwezi Agosti 2019 jijini Dar es Salaam, na tangu hapo istilahi tunazozitafuta ni za vikao, sheria na simu. Kiswahili kinachosemwa na watoto wa SADC katika mwambao wa Mweru hatujakiorodhesha, na tunapokikuta tunakiita kibovu kwa sababu kina volan badala ya usukani. Mkalimani aliyefundishwa kwa Sanifu pekee atakosea palepale nilipokosea mimi, ila yeye atakuwa amekaa ofisini, kwenye mahojiano, na jibu litakuwa limeandikwa kwenye fomu. Orodha ya maneno mia mbili ya vyombo vya nyumbani na vichezeo, ikikusanywa na walimu wa Mantapala wenyewe pamoja na wazazi, ingegharimu kidogo kuliko warsha moja ya istilahi.

Kuhusu tafsiri ya Gaslands, mwenzangu na mimi hatujakubaliana. Yeye bado anataka kiyama, kwa sababu kinauza. Nimemwandikia kwamba sura ya silaha naweza kuitafsiri kama ilivyo, lakini katika sura ya kuunda magari tuongeze, kwa idhini ya mwandishi, kifaa kimoja kisicho na thamani yoyote ya kivita: kishikio cha godoro, bei yake kopo moja.